Mkutano wa Wafunza Wanyama

Wasomaji wa gazeti letu wataona ajabu wakisikia kwamba habari za pomboo zimezungumzwa Bunda. Ziwa letu lina viboko, mamba na fisi-maji, lakini pomboo ni mnyama wa bahari, na wengi wetu hatujamwona ila katika picha. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa, nami nalikuwapo.

Muhula huu Mwalimu wetu wa Kilimo alipata mwaliko wa kupeleka wanafunzi wanne katika mkutano wa siku moja wa watu wanaofundisha maksai kulima. Walioalikwa walikuwa wakulima wa Bunda, Butiama na vijiji vya karibu na Musoma. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa kwetu ni Butiama, na tangu Darasa la Tatu ndimi niliyekuwa nikishika kamba na kutangulia mbele ya nira, Baba Mdogo akishika plau nyuma.

Tena nalikuwa na shauri langu mwenyewe. Nyumbani tunaye maksai kijana, jina lake Kijivu. Mwenzake hukokota vizuri, lakini Kijivu akifika katikati ya shamba hujilaza chini, na hata apigwe namna gani hainuki. Likizo iliyopita mchinjaji mmoja alikuja kumtazama akataja bei. Baba Mdogo alisema atangoja mvua za vuli. Zikianza naye Kijivu bado analala, atauzwa. Nira haivutwi na ng'ombe mmoja, na kununua mwingine si jambo la msimu mmoja.

Asubuhi Bwana Mifugo alitueleza habari za kupe, minyoo, na namna ya kuchonga nira isichubue shingo. Yote yalikuwa ya maana, ila mengi tumeyasoma darasani. Baada ya chai alisimama kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa kunusa, na hapo watu waliokuwa wakisinzia waliamka.

Alianza na mbwa wa Grumeti, ambako si mbali na Bunda. Mwaka 2018 shirika la Grumeti Fund lilianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, nyama ya porini, bunduki na mitego ya nyaya. Mbwa wale wa kwanza walitoka Marekani, katika makao ya mbwa wasio na wenyewe. Mbwa akigundua kitu hapewi nyama. Hurushiwa mpira wake acheze. Wazee wakacheka kwamba serikali ya mbwa yalipa kwa michezo.

Mzee mmoja akauliza ujuzi huo ulitoka wapi. Kijana akajibu kwamba sehemu kubwa yake ilikuzwa kwa wafunza pomboo. Akamtaja mama mmoja, Karen Pryor, aliyeanza kazi hiyo huko Hawaii mwaka 1963. Sababu yenyewe ni nyepesi. Ng'ombe waweza kumfunga kamba, farasi waweza kumtia lijamu, mbwa waweza kumvuta kwa mnyororo. Lakini pomboo ukimkasirisha hupiga mbizi akaenda zake upande wa pili, nawe umesimama ukingoni na fimbo yako. Basi ikawa hapana budi kumfanya apende kazi mwenyewe.

Tena samaki wa kumlipa huchelewa. Pomboo akiruka vizuri huko mbali, mpaka apate samaki amekwisha fanya mambo mengine matatu, asijue amelipwa kwa lipi. Kwa hiyo kwanza hufundishwa kwamba sauti ya filimbi maana yake samaki yuaja. Kisha filimbi hupigwa saa ile ile anapofanya lililo sawa. Wafunzaji hao wana chama chao cha mataifa, nacho hufanya mkutano kila mwaka. Niliwaza kwamba huenda nao hubishana kama tulivyobishana sisi.

Njia hiyo hiyo imefika Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Badala ya filimbi wana kidude kinachoalika, na badala ya samaki kuna ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Alipokufa Januari 2022 alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Huku kwetu panya akionekana ghalani hafikiriwi nishani.

Ndipo mzee mmoja wa Butiama akasimama. "Mwanangu, nimekusikia. Mbwa ana mpira, panya ana ndizi. Ng'ombe wangu amekula majani tangu alfajiri. Nimpe nini?"

Watu wakapiga makofi. Kijana akafikiri, asijibu upesi, na mzee akaendelea mwenyewe. Alisema ng'ombe aliye ndani ya nira hataki kitu kama anavyotaka kusimama. Kwa hiyo yeye, maksai mgeni akienda hatua tano vizuri, humwambia neno lake moja, kila siku lile lile, kisha humsimamisha na kumkuna shingo kabla hajachoka. Kesho hatua kumi. "Na akilala," akasema, "usimfungue. Ukimfungua umemlipa kwa kulala."

Kijana akasema, "Mzee, neno lako hilo ndiyo filimbi yenyewe."

Mimi sikusikia vizuri yaliyofuata, kwa maana nalikuwa nikimwona Kijivu. Kwetu akilala hupigwa, tena hupigwa, kisha Baba Mdogo huchoka, hutukana, na kufungua nira. Miezi yote ile ng'ombe alikuwa akipokea mshahara wake. Fimbo kwake ilikuwa kama mvua tu, jambo la kungojea lipite.

Jioni Bwana Mifugo alisema fimbo zote zitupwe. Hapo sikubaliani naye. Mwenye mkokoteni katika barabara kuu ya Mwanza, malori yakipita, anahitaji fimbo ya kumwonyesha ng'ombe upande. Kuonyesha na kupiga ni mambo mawili.

Niliandika barua nyumbani. Baba Mdogo alipokuja Jumapili ya wageni nilimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama siku hizi Serikali inatusomesha ili tuwafundishe wakubwa kulima. Nikanyamaza. Baadaye, tukila maembe aliyoleta, akasema amejaribu. Kijivu amefika mwisho wa shamba mara mbili. Siku ya tatu akalala tena. Baba Mdogo hakufungua nira wala hakupiga, akaketi kando yake mpaka jua likawa kali. Alipoinuka akamwendesha hatua nne, ndipo akamfungua.

Mchinjaji alipita siku hiyo hiyo, akawaona wote wawili wamekaa shambani, akauliza kama bei ni ile ile. Baba Mdogo alimwambia arudi mvua ya kwanza ikinyesha.