Maji ya Kando ya Barabara ya Rusumo

Ukimtajia mtu Ngara ya mwaka 1994, atakusimulia maturubai ya bluu ya kambi ya wakimbizi ya Benaco na magari meupe ya mashirika. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huko, na mimi namkumbuka zaidi bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu ya Kikristo.

Tarehe 28 Aprili watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani. Kwa muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda, kulikokuwa na mauaji ya kimbari. Ilikuwa masika, tope hadi vifundoni. Walikuja wamejitwika magodoro na masufuria, watoto mgongoni, wengine wakiswaga mbuzi. Maji ya mto Kagera hayakunyweka. Mto ulikuwa ukiteremsha maiti.

Kila alfajiri bibi yule alichemsha maji kwa sufuria la shughuli, mali ya jumuiya. Yakishapoa aliyatia kwenye ndoo, akafunika, akaweka kata juu yake, akaiacha chini ya mgomba kando ya barabara. Kisha huyo, shambani. Nilimwuliza mbona hakai pale akawagawia.

“Mwalimu, mtu akinywa huku namtazama, ataona lazima anishukuru. Na amechoka huyo.”

Maneno hayakukosekana. Kihangaza chetu na Kinyarwanda vinaelewana bila mkalimani, kwa hiyo habari zilitufikia upesi: miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia kuuawa, na walikuwamo waliotoka kuua. Kwenye sala ya jumuiya mzee mmoja akafoka kwamba tunawanywesha wauaji. Bibi akamjibu taratibu, “Mwenye kiu nimemwona, baba. Muuaji sijamwona. Wewe ukimwona, mpeleke polisi.” Kikao kikaishia hapo.

Askofu wetu wa Rulenge, Christopher Mwoleka, alikuwa amehubiri kwa miaka mingi kwamba Utatu Mtakatifu tumepewa tuuige, tuishi kwa kushirikiana. Naye hakuishia mimbarani: zamani za ujamaa alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga. Sisi walimu tulipenda sana kujadili mafundisho hayo. Kuni alizibeba bibi.

Wala tusipambe mambo. Ukarimu ule uliwagharimu wenyeji. Misitu ilikatwa kwa kuni, mashamba yakaibiwa, na mikungu ya bibi ikaondoka usiku mmoja. Alilia, nilimwona. Kesho yake ndoo ilikuwa mahali pake. Nadhani unyenyekevu wake ulikuwa hapo hasa: hakudhani kwamba kutoa kwake kulimpa haki ya kutoibiwa. Parokia ilipotaka kumtaja Jumapili mbele ya waumini, aliomba itajwe jumuiya, pamoja na yule mzee aliyefoka, kwa kuwa baadaye alikuwa akimpasulia kuni.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliagiza wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na msururu ukapita tena barabara ileile kuelekea darajani. Bibi alichemsha maji. Safari hii wanajumuiya walimsaidia, nami nikiwa mmoja wao.

Amekwisha kufariki, na jina lake nimeliacha, maana ndivyo alivyotaka. Lakini wenzake wachache wangalipo vijijini. Ninyi mnaoandika habari za wakimbizi wa Ngara, mkishamaliza kusoma ripoti za mashirika, nendeni mkawaulize hao wazee, na mwende mapema.