Watazamaji walivyonifumbua macho

Je, msomaji, umewahi kufanya kazi ukaiona nzuri mno, kisha ukawaonyesha watu na nyuso zao zikakuambia mengine? Mimi yalinipata.

Ilikuwa mwaka wa 2012, nikisomea diploma ya uanahabari hapa Nairobi. Filamu ya Nairobi Half Life ilitoka mwaka huo, na kila mwanafunzi alijiona mtengenezaji filamu. Kundi letu la watu wanne lilitakiwa kutengeneza filamu ya dakika 12. Niliwashawishi wenzangu tumpige picha mama yangu, mama mboga wa Kayole. Tuliandamana naye saa kumi alfajiri hadi soko la Marikiti, akichagua sukuma wiki na kubishania bei. Kisha nikaandika maelezo na kuyasoma kwa sauti nzito: dhiki, mateso, umaskini.

Kabla ya kumpelekea mwalimu, tuliionyesha katika ukumbi wa kanisa mtaani. Walikuja watu kama 40, wengi wao wateja wake. Dakika ya nne viti vilianza kulia. Dakika ya saba vijana wawili wakatoka nje. Wahenga walinena kweli: akufukuzaye hakwambii toka.

Taa zilipowashwa niliuliza, "Mmeipenda?"

"Ndiyo!" wakaitikia wote.

Ndipo mzee mmoja akauliza, "Kijana wangu, kwani huyu mama ni bubu?"

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Kumbe katika dakika zote 12 mama hakusema hata neno moja! Nilipomgeukia, alisema polepole, "Mwanangu, umewaambia watu ninateseka. Hukuniuliza. Kazi hii ndiyo inayokulipia karo."

Usiku huo nilitaka kuitupa filamu ile. Wenzangu wakakataa katakata. Tulirudi kibandani na kipaza sauti, tukamwacha mama aeleze mwenyewe anavyopanga bei na anavyowakopesha majirani hadi mwisho wa mwezi. Maelezo yangu tuliyafuta karibu yote. Ilibaki dakika tisa, na tulipoionyesha tena hakuna aliyetoka.

Ewe mwanafunzi, usiwaulize watu kama wameipenda kazi yako, maana watakuonea haya. Waulize wameelewa nini na wamechokea wapi. Keti nyuma, uwatazame wao badala ya filamu, na uandike dakika wanapoanza kupiga miayo. Si lazima ufuate kila ushauri: mgonjwa hujua panapouma, lakini dawa huitafuta daktari. Nawe mzazi, mtoto akikuonyesha kazi yake, usimpe sifa tupu. Mwambie ukweli kwa upole, kama nilivyoambiwa mimi.

Alama tulizopata zilikuwa za wastani tu. Lakini hadi leo, kila ninapoketi kuandika habari za mtu, husikia sauti ya mama: "Hukuniuliza." Basi huinuka, nikaenda kumuuliza.