Neno «dry» na macho ya mtoto

KYANGWALI, Uganda – Katika kambi hii wanamoishi wakimbizi wengi kutoka Ituri na Kivu ya Kaskazini, kuna papa mmoja ambaye kila mtu anamwita Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi upande wa Djugu hadi mwaka 2018, alipovuka Ziwa Albert kwa mtumbwi pamoja na familia yake. Kifaransa anakijua tangu zamani. Kiingereza alijifunza ukimbizini, na leo anasaidia wagonjwa kama mkalimani kwenye kituo cha afya.

Neno lililomfundisha zaidi ni fupi sana: «dry». Kamusi inasema ni kavu, na Mwalimu aliliona rahisi. Nguo kavu, kuni kavu, nchi kavu, kikohozi kikavu: lugha zote mbili zinakwenda pamoja. Hata mkate usiopakwa kitu Waingereza wanauita mkavu, kama vile Wakongomani wanavyokula ugali mkavu wakikosa mboga.

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wa miaka minne, aliyekuwa anahara tangu siku mbili. Muuguzi, raia wa Uganda, aliuliza kwa Kiingereza kama macho ya mtoto yanakuwa «dry» anapolia. Mwalimu alitafsiri mbio mbio:

– Mama, mtoto wako ana macho makavu?

Mama alikasirika.

– Hapana, papa! Huyu mtoto nimemlea vizuri. Ana adabu.

Kwa Kiswahili, mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Muuguzi alisikia tu «hapana», akaandika hapana, akaanza kumwita mgonjwa mwingine.

Lakini Mwalimu alimtazama mtoto. Alikuwa analia, na mashavu hayakuwa na hata tone.

– Samahani mama, nimeuliza vibaya. Akilia, machozi yanatoka?

– Tangu jana usiku hayatoki.

Muuguzi alirudi mara moja. Mtoto alipewa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Jioni alikojoa, na alipolia tena machozi yalitoka. Mama ndipo alipocheka.

Tangu siku hiyo Mwalimu anaandika neno hilo katika daftari kila anapokutana nalo. Ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa ni «dry». Divai isiyo tamu ni «dry». Mahali pasipouzwa pombe ni «dry». Marekani yote ilikuwa hivyo kwa sheria kuanzia 1920 hadi 1933. Mzaha unaosemwa bila kutabasamu nao ni «dry». Neno moja, na kila mara lazima kuuliza: kavu ya namna gani?

Sasa hatafsiri tena neno moja moja. Anamuuliza muuguzi anatafuta nini, kisha anamuuliza mgonjwa kwa maneno ya nyumbani. Na akina mama anawaambia hivi: swali la mkalimani likikushangaza au likikuumiza, usinyamaze, mwambie alirudie. Na mtoto anayehara, akilia bila machozi, mdomo ukikauka, macho yakiingia ndani, au akikojoa kidogo sana, mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.