Pumzi ya Akiba

Kwa miaka 33 nilifundisha kanuni ya Boyle kwa kutumia pampu ya baiskeli. Mwanafunzi huziba tundu kwa kidole, husukuma mpini, akaona kwamba hewa ikibanwa hupungua ukubwa na kuongezeka nguvu; akiuachia mpini, hurudi wenyewe. Njia hiyo niliipata chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nami niliipenda kwa sababu haikuhitaji maabara. Robert Boyle aliitangaza kanuni yake mwaka 1662, na katika shule yetu ya pwani ya Tanga ilifika salama salimini, pamoja na swali lake la mtihani.

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alilijibu swali hilo bila kosa. Alipomaliza shule hakupata nafasi ya kuendelea na masomo, akaingia katika kazi ya kuzamia majongoo bahari, yale yanayokaushwa na kupelekwa Hong Kong na China. Mwanzoni alizama kwa pumzi yake mwenyewe. Majongoo ya karibu yalipokwisha, wenye mashua wakaleta mitungi ya hewa. Hakuna aliyemfunza kuitumia. Alipewa mtungi mkongwe wenye kipumulio kimoja, bila geji ya kumwonyesha hewa iliyobaki.

Siku moja ya mwaka 1996 hewa ilimwishia akiwa chini. Alipanda mbio, amefumba mdomo na kuzuia pumzi, kama afanyavyo kila mtu anayeogopa kumeza maji. Alifika juu akiwa hai, lakini hakufika pwani.

Mwenzake alinisimulia hayo siku ya mazishi, nami nikaelewa papo hapo. Katika kina cha mita 10 hewa iliyo mapafuni hubanwa mara mbili ya ilivyo juu. Mtu akipanda nayo bila kuitoa, hujitanua mara mbili, na mapafu hayana mahali pa kuiweka ila yapasuke. Ni pampu ile ile, na mpini ule ule unaorudi wenyewe. Laiti angeiachia pumzi itoke polepole njia nzima, huenda angepona. Kijana huyo alipata alama zote za swali lile. Mimi ndiye niliyemsahihishia.

Basi msomaji atanielewa nilivyojisikia pale mjukuu wangu aliponijia, miaka mingi baadaye, na habari zake njema.

"Shikamoo babu. Nimemaliza mafunzo ya kuzamia, na Unguja nimepata kazi ya kuwaongoza wageni. Kuna mtu anauza vifaa vya mtumba, seti nzima, bei nafuu sana."

Sikumkataza. Nilimwambia, "Marahaba. Twende wote tukavione."

Muuzaji alianza na mapezi ya miguuni yenye rangi ya kupendeza na miwani ya kuzamia. Miwani nikaijaribu kama mjukuu wangu alivyonielekeza: unaiweka usoni bila kuifunga mkanda, unavuta pumzi kidogo kwa pua, na ikinata bila kushikwa, inakufaa. Hii ilinata. Lakini miwani ikivuja, mtu huharibikiwa na starehe tu. Mimi nilikuja na swali moja la kuuliza kwa kila kifaa: hiki kikikataa kazi huko chini, utafanya nini?

Tuliugeuza mtungi. Kwenye shingo yake hugongwa tarehe za kupimwa nguvu, na kwa desturi ya wengi kipimo hicho hufanywa kila miaka 5. Tarehe ya mwisho ilikuwa na miaka 11. Tukafungua hewa, nikamwambia mjukuu wangu avute pumzi kwenye kipumulio huku akitazama geji. Mshale ulicheza, ukashuka kila alipovuta na kurudi alipoacha. Yeye mwenyewe alinieleza maana yake: ama koki haijafunguliwa yote, ama kuna kizuizi njiani. Koki ilikuwa imefunguliwa yote.

Tena, kipumulio kilikuwa kimoja. Tangu Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza mwaka 1943 kifaa kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri anavyovuta, watu wamejifunza, baadhi yao kwa msiba, kwamba kipumulio kimoja hakitoshi. Siku hizi huongezwa cha pili, mara nyingi cha rangi ya manjano, chenye mpira mrefu. Muuzaji akacheka: "Mzee, mzamiaji hodari hahitaji cha pili."

"Cha pili si chake," nikamjibu. "Ni cha mwenzake."

Tuliondoka mikono mitupu. Mjukuu wangu alinyamaza njia nzima, kisha akasema, "Babu, umeniaibisha." Ndipo nilipomsimulia habari za mwanafunzi wangu. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote wa nyumbani. Hakusema kitu, ila hakulitaja tena duka lile. Baadaye alinunua kidogo kidogo: kwanza vipumulio viwili na geji yake, kutoka kwa fundi aliyemwonyesha lini vilifunguliwa na kusafishwa. Mitungi hutumia ya mwajiri wake, baada ya kusoma tarehe shingoni.

Alipokuja likizo nilimtahini barazani. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka geji isome 200 una hewa ya lita 2,400. Mtu mtulivu akitumia lita 20 kwa dakika juu ya nchi kavu, katika kina cha mita 20 atatumia lita 60. Zitoshe dakika ngapi? "Arobaini," akasema upesi, kisha akajisahihisha: "Thelathini, babu. 50 za mwisho si zangu, ni za kupandia." Na mwenye hofu huvuta zaidi ya hapo.

Kisha nikamwambia afumbe macho akitafute kipumulio cha pili kwa mkono. Mara ya kwanza alipapasa mpaka nikachoka kuhesabu. Tulirudia. Nilipitisha kiganja kooni, ishara ya mtu aliyeishiwa hewa. Akanipa kipumulio, tukashikana mikono, tukavuka ua taratibu tukitoa pumzi, "aaa", kama wazamiaji wanaopanda. Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. Sisi tukarudia.

Pale shuleni niliandikisha ukutani kwa rangi nyeusi: Tahadhari kabla ya hatari. Wanafunzi waliisoma kila asubuhi kwa miaka mingi, na sikumuuliza hata mmoja tahadhari hiyo ataifanya kwa mkono upi. Mwili ukishikwa na hofu haukumbuki kilichoandikwa ubaoni. Hukumbuka kilichorudiwa, ukumbuke kukiwa na giza, na mwenzako amekushika jaketi.

Kila jioni akitoka baharini mjukuu wangu hunipigia simu. Hangojei tena nimuulize.

"Shikamoo babu. Nimetoka na 70."

"Marahaba," namjibu, ndipo tunapoanza kuulizana habari za nyumbani.