Mlimani na Bagamoyo: Safari ya Kumtafutia Binti Chuo cha Uigizaji

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi Julai, binti yangu, ambaye ndiye kitindamimba, alikuwa amefaulu vizuri Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nyumbani kwetu Manzese furaha ilikuwa kubwa kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba hataki sheria wala ualimu. Anataka kusomea uigizaji.

Msomaji mpenzi, usidhani kwamba mimi ni mtu wa kuidharau sanaa. Katika miaka ya 1980, nikiwa kijana mfanyakazi wa kiwanda hapa Dar es Salaam, nilikuwa mmoja wa kikundi cha sanaa cha kiwanda chetu. Mashirika mengi ya umma wakati huo yalikuwa na vikundi vya namna hiyo, vya ngoma, kwaya, muziki wa dansi na michezo ya kuigiza. Mimi nilipewa nafasi ya mlevi. Niliicheza vizuri mno, kwa hasara yangu mwenyewe, kwani kwa miaka mingi baadaye watoto wa mtaani waliniita Mlevi, ingawa pombe sijapata kuionja. Kiwanda kilipodhoofika katika miaka ya 1990 kikundi nacho kikafa, na hakuna hata mmoja wetu aliyebaki na karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kujua kitu. Kwa hiyo mtoto aliposema uigizaji, masikio yangu yalisikia kazi isiyo na karatasi. Nikamjibu kwamba kama ni lazima, basi na iwe shahada.

Yeye alikuwa na orodha yake tayari: Mlimani, Bagamoyo na Makerere. Makerere tuliimaliza upesi. Idara yake ya muziki, ngoma na maigizo ilianzishwa mwaka 1971 na imejijengea heshima katika Afrika ya Mashariki nzima, lakini mfuko wetu haukuweza kubeba nauli na maisha ya Kampala, na mama yake alitaka mtoto awe mahali panapofikiwa na daladala. Yakabaki majina mawili. Nikasema hatutachagua kwa kusoma vipeperushi, kwa sababu katika vipeperushi kila chuo kina walimu bora na mazingira mazuri. Tutakwenda kuona.

Ijumaa tulipanda Mlimani. Mtu aliyezoea kelele za Ubungo hushangaa jinsi jiji linavyonyamaza ghafula mara tu gari linapoingia katika miti ya Chuo Kikuu. Tumbili walikuwa barazani kama wenye nyumba. Tulipita mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa ukionekana katika noti ya shilingi 500 kabla noti hiyo haijapisha sarafu, na binti yangu akasimama kuutazama kwa muda, akisema kwamba unaonekana mkubwa zaidi katika noti.

Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa hapo mwaka 1967, miaka mitatu tu baada ya chuo kuhamia kwenye kilima hicho. Ndipo alipopitia Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapwa mwaka 1969 na imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Ndipo walipofundisha na kuandika Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama, na Profesa Amandina Lihamba. Binti yangu aliyafahamu majina hayo kutokana na vitabu. Asichokifahamu, nami nikafurahi kupata la kumwambia, ni kwamba walimu hawa hawakukaa na wasomi wenzao tu. Katika miaka ya 1982 na 1983 walikwenda hadi Malya, katika Mkoa wa Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakawauliza ni jambo gani linalowaumiza. Wanakijiji wakataja mimba za wasichana wadogo, na mchezo ukatungwa na kuchezwa na vijana wa hapo hapo. Baada ya kucheza, watu walijadiliana.

"Kumbe mwigizaji anaweza kuwa mtu wa kuuliza, baba," alisema.

Nikaona mambo yananinyookea. Shahada ya miaka mitatu. Utunzi, uongozaji, nadharia na uigizaji pamoja. Na mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa mzazi anayeishi kwa kiinua mgongo kilichokwisha zamani, neno mkopo lina sauti tamu kuliko kinanda.

Lakini binti yangu alikuwa na daftari, na katika daftari maswali. Tulipomkuta kijana mmoja wa sanaa akipumzika kivulini, hakumwuliza kuhusu vyeti. Alimwuliza: kwa wiki moja, wewe husimama jukwaani saa ngapi? Kijana yule alicheka, akahesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu. Alisema inategemea. Ukifika wakati wa onyesho, mnalala na kuamka jukwaani. Usipofika, wewe na maktaba, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Halafu akauliza swali ambalo nililichukia kwa sababu lilikuwa zuri: "Dada, unataka kuigiza au unataka kuujua uigizaji?"

Binti yangu aliandika swali hilo daftarini. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Jumamosi, saa kumi na mbili za asubuhi, tulikuwa katika kituo cha Makumbusho tukitafuta gari la Bagamoyo. Ni safari ya kilometa zipatazo 70. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: zamani haya yalikuwa majina ya vichaka na mashamba, na leo nyumba zimefuatana na barabara kana kwamba jiji nalo limepanda daladala. Ni baada ya Kiromo tu ndipo minazi inapoanza kuwa mingi kuliko mabati.

Mji wenyewe sitausimulia sana, maana umesimuliwa na wengi. Ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891. Boma lao bado limesimama. Na kabla yao ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara ya kutoka bara, pamoja na machungu yote ya pembe na watumwa. Tulikula samaki wa kukaanga karibu na pwani, tukashika njia ya kuelekea Kaole, na mbele kidogo, upande wa bahari, tukafika tulipokusudia.

Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Asili yake ni muhimu kwa mzazi anayechagua. Baada ya Uhuru taifa liliunda vikundi vyake: cha ngoma, kisha cha sarakasi, ambacho vijana wake walifunzwa China, na baadaye cha maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, wasanii wake wakawa walimu wa chuo kipya. Maana yake ni kwamba mafunzo ya Bagamoyo yalianzia miguuni na mabegani mwa watu waliokwisha kucheza mbele ya umma, na yakapokezwa kwa mkono. Mlimani kitabu kilitangulia. Hapa ulitangulia mwili. Ukumbi wa zamani wenye paa la makuti, ambao wazee wa mji bado wanautaja kwa huzuni, uliteketea kwa moto mwaka 2002. Ulipojengwa mpya, tamasha la kila mwaka, ambalo lina umri unaokaribia sawa na wa chuo chenyewe, lilikuwa bado hai.

Bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali, mchanga umelala wazi. Vijana wanne walikuwa wakifanya mazoezi, mmoja akisimama juu ya mabega ya mwenzake. Kando yao msichana mmoja alikuwa peke yake, akitembea hatua kumi, akirudi, akitembea tena. Mara ya kwanza nilidhani amepoteza kitu. Tulikaa chini ya mti kumtazama. Mara ya sita au ya saba nikang'amua kwamba alikuwa ni mwanamke mzee aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na kwamba ndoo ilikuwa imejaa. Hakukuwa na ndoo.

Alipomaliza alikuja kutuamkia. "Shikamoo mzee." Binti yangu akamwuliza swali lake lile lile. Huyu hakuhesabu vidole. Alisema alikuja kwa ajili ya kuigiza tu, lakini akapewa ngoma, akapewa muziki, akapewa sarakasi, hata akadhani ameingia mlango usio wake. Mwaka wa kwanza alilia. "Sasa nikisimama jukwaani," alisema, "najua miguu yangu iko wapi."

Nami nikauliza langu, la karatasi. Akajibu bila kuona haya kwamba atapata stashahada, si shahada, na kwamba ada analipiwa na kaka yake mwenye duka la vipuri. Akaongeza kuwa wenzake waliomaliza wametawanyika. Wengine wako katika filamu na tamthilia za televisheni, wengine wanafundisha, wengine wanapiga ngoma katika hoteli za kitalii, na wengine wamerudi nyumbani na hawasemi wanafanya nini. Nilimshukuru kwa kulitaja hilo la mwisho.

Hapo ndipo mabishano yetu yalipoanza, pale pale mchangani. Nilimkumbusha mkopo. Akanikumbusha kwamba, kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu, mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba kuingia shahada, ingawa kila chuo kina masharti yake ya ziada. Nikamwambia hiyo ni njia ndefu: miaka ya Bagamoyo kwanza, kisha mitatu ya Mlimani. Akakiri kuwa ni ndefu. Nikamwambia kwamba Mlimani angesoma Kinjeketile mstari kwa mstari na watu waliotumia maisha yao katika kazi hiyo. Akasema anaitaka hiyo, tena sana, ila si sasa.

"Shahada itaningoja, baba. Magoti haya hayatangoja."

Mzazi mwenzangu, ningeweza kukataa. Ada ni yangu. Lakini nilikuwa nimemwona yule msichana na ndoo yake isiyokuwapo, na nilikuwa nimemwona mwanangu akimtazama. Uso ule niliwahi kuuona mara moja tu, miaka 40 iliyopita, katika kioo kilichopasuka nyuma ya jukwaa la bwalo la kiwanda chetu. Nilichoweza kumtaka ni jambo moja: apeleke maombi kote kuwili. Majibu yakija, kama Mlimani watamkubali na mkopo ukapatikana, tutakaa tena mezani na mama yake. Akakubali. Katika daftari aliandika Bagamoyo juu, Mlimani chini, akaifuta Makerere kwa mstari mmoja.

Tulirudi jua likizama. Gari lilikuwa limejaa, nasi tulikaa kiti cha nyuma kabisa pamoja na ndoo za samaki. Karibu na Mapinga aliniuliza jambo ambalo katika miaka yake yote hajapata kuniuliza.

"Baba, yule mlevi ulimpata wapi?"

Nikamweleza. Wenzangu wote waliojaribiwa nafasi ile walipepesuka, na kiongozi wa kikundi akawakataa. Mimi nilikuwa na jirani aliyekunywa kila jioni, nami nilimchunguza kwa mwezi mzima kutoka dirishani. Hakupepesuka hata siku moja. Alitembea kama mtu anayejitahidi kwa nguvu zake zote asipepesuke: taratibu, shingo imenyooka, kila mguu ukitua kwa heshima kana kwamba ardhi ni ya mtu mwingine. Akakaa kimya, kisha akaniomba nimwonyeshe. Nikasema si ndani ya gari.

Tuliposhuka Makumbusho, taa zikiwa zimewaka, nilimpa mkoba wangu, nikavuka kituo kutoka upande huu hadi ule. Sikuwa nimetembea hivyo tangu kiwanda kilipofungwa. Nilipokuwa nimefika katikati, konda mmoja kijana aliacha kuita abiria, akaja mbio, akanishika mkono kwa huruma kubwa, akaniuliza kama nina mtu wa kunifikisha nyumbani.