Taya la Bro Wangu Lilichorwa kwa Kompyuta

Wasee, leo si story ya simu mpya. Ni ya taya la bro wangu.

Karibu mwaka mzima alivaa barakoa kila mahali, hata kwa matatu, na korona ilikuwa ishaisha. Sisi tulidhani ni mtindo. Kumbe alikuwa anaficha uvimbe. Haukuwa unamuuma, ndiyo maana alinyamaza. Alipoenda kliniki mara ya kwanza, alipewa dawa za jino akarudishwa nyumbani.

Ule uvimbe unaitwa ameloblastoma. Kwa kawaida si saratani, lakini unakula mfupa polepole, na ukikwanguliwa tu unaweza kurudi. Kwa hivyo ikabidi kipande cha taya kikatwe.

Bro aliuliza swali moja tu: "Nitabaki na uso gani?"

Hapo ndipo kompyuta iliingia. Picha za CT ziliunganishwa zikawa taya la 3D kwenye skrini. Kisha upande mzima ukageuzwa kama kwa kioo, ukawekwa juu ya upande mgonjwa. Yaani nusu yake nzuri ndiyo iliyoonyesha vile nusu nyingine inafaa kukaa. Kutoka kwa mchoro huo likatengenezwa bamba la titani la kipimo chake peke yake. Pengo likazibwa na fibula, ule mfupa mwembamba wa mguuni, uliokatwa vipande ukafuata mkunjo wa taya.

Lakini manze, ni ghali. Tulichanga hadi kundi la WhatsApp likanyamaza.

Maoni yangu ni haya: kuna njia ya bei nafuu. Unachapisha taya la plastiki kutoka kwa zile picha za CT, halafu daktari anakunja bamba la kawaida juu yake kabla ya operesheni. Si sawa na lile la kuagizwa, lakini linapunguza kukadiria kwa macho. Printa ya 3D tunachapishia vishikio vya funguo hapa mtaani. Kwa nini kila hospitali kubwa isiwe nayo?

Mdomo wa bro upande mmoja bado una ganzi. Chai ikimdondoka, mpaka umwambie. Lakini barakoa aliitupa mwenyewe.

Kama kuna kitu kimevimba na hakiumi, usingoje kiume. Enda upigwe picha.