Kihispania? Weka kando ung'eng'e, anza na Kiswahili!

Kijiweni kwetu hapa Arusha wapo jamaa wanaoamini kwamba ukitoka kidato cha nne na 'F' ya Kiingereza, basi lugha za Wazungu uzisikie kwa jirani tu. Mimi 'F' hiyo ninayo. Lakini leo, msomaji wangu, nataka niwaambie washkaji kwamba hapo wamechemsha.

Tangu mwaka jana nasoma Kihispania jioni. Sitafuti sifa wala simzugi mtoto wa mtu. Watalii kutoka Hispania na Amerika ya Kusini wanakuja Serengeti na Kilimanjaro, na kijana anayeweza kuwaongoza kwa lugha yao hakosi pa kuanzia. Mama yangu anauza ndizi sokoni na magoti yamechoka. Kwangu hii si starehe, ni ugali.

Darasani tulianza kwa kupitia Kiingereza, na viwakilishi vikatutoa jasho. Tukaambiwa 'mimi' ni yo. Kesho yake tukaambiwa hiyo yo mara nyingi haisemwi! Mhispania anasema como tu, imetosha. Darasa zima kimya.

Usiku nikajiuliza: kwani mimi huwa nasema 'mimi ninakula' kila saa? Si nasema 'ninakula', na 'ni' imeshamtaja mtu? Jamani, ni mchezo uleule! Sisi tunamweka mtu mwanzoni mwa kitenzi, wao wanamweka mwishoni: como ninakula, comes unakula, come anakula, comemos tunakula. Ukisema yo como, unatilia mkazo kwamba ni wewe, si mwingine.

Twende kwenye mapenzi. 'Nakupenda' ni te quiero. Hiyo te ndiyo 'ku' yetu, nayo inakaa mbele ya kitenzi. 'Ananiona' ni me ve. Ila ukitoa amri, vinahamia nyuma: 'nipe' ni dame, 'nipe hicho' ni dámelo. Hapo ndipo wanapotuzidi. Kitenzi chetu kinabeba mtendwa mmoja, chao kinapakia wawili, me na lo, kama baiskeli yenye abiria kwenye keria na mwingine kwenye bomba.

Mazoezi nafanya kwenye daladala, bure kabisa. Wanatusukuma: nos empujan. Mama ananiita: me llama. Konda akidai nauli, nanong'ona dámela, maana nauli kwao ni ya kike. Abiria wa pembeni wananiona nimerukwa. Poa tu.

Sasa angalieni, vijana wenye siri. Kiswahili kina 'yeye' mmoja, wao wana él wa kiume na ella wa kike. Ukisema 'alinipigia jana', bi mkubwa hajui ni Juma au Mwajuma. Kwa Kihispania nako unaweza kujificha: me llamó ayer. Lakini ukisema 'nilimwona', umekwisha: lo vi ni mwanamume, la vi ni mwanamke. Hapo hakuna pa kutokea!

Kuna na heshima. Rika lako ni tú, mkubwa au mgeni ni usted, neno lililotokana na vuestra merced, mtindo wa zamani wa kumtukuza mtu. Na usted anachukua kitenzi cha 'yeye', kana kwamba unamsemea pembeni. Argentina hawana habari na tú, wao ni vos. Wakiwa wengi, Hispania washkaji ni vosotros, wakati Amerika ya Kusini wote ni ustedes. Kwa sisi tuliolelewa kwa 'shikamoo', kupima nani ni nani kabla ya kufungua mdomo si jambo geni.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili. Aliyeniuliza maswali alikuwa mama wa Kihispania, umri wa mama yangu. Nikaanza na ¿cómo está usted?, taratibu, kama ninayemwamkia shangazi. Akacheka: tutéame. Yaani niite tú. Nikaiona ile me imekaa nyuma ya amri, mahali pake hasa, na woga ukaniisha. Nimepewa majaribio ya miezi 3. Posho ni ndogo, lakini mama ameshaanza kuniita bwana mkubwa.

Ninachosema ni hiki, wewe uliyeambiwa una kichwa kizito. Huenda kichwa chako kilipimwa kwa Kiingereza tu. Kiswahili ulichonacho mdomoni ni sarufi nzima, na kinafungua milango ambayo ung'eng'e unaigonga bila kuitikiwa. Kesho ukipanda daladala, jaribu sentensi moja tu.

Wiki ijayo, panapo majaliwa. ¡Hasta luego!